Waliomwita Baba Yangu Valeria

Mtu aliyempigia baba yangu simu siku ile alijua kila kitu.

Alijua mwaka alioanza kazi. Alijua kituo chake cha kwanza, kule Mbinga, na cha mwisho, hapa hapa Temeke. Alijua cheki namba yake, ile namba ya mtumishi inayokaa kwenye karatasi ya mshahara. Alijua marehemu mama yangu aliitwa Editha, na akatoa pole kwa sauti ya padri.

Kitu kimoja tu hakukijua. Jina la baba.

"Shikamoo mzee Valeria," alisema.

Baba yangu anaitwa Valerian. Valerian Ndunguru, Mmatengo wa miaka sitini na moja, ndevu nyeupe, sauti nzito. Valeria ni dada yangu mkubwa wa Songea, na hata yeye hapendi kuitwa hivyo.

Simu ilikuwa kwenye spika. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ningejua ile herufi moja iliyopungua ilikuwa inanisema mimi, nisingecheka.

Naitwa Adelina. Nina steshenari Yombo Vituka. Natoa kopi, nachapa barua, nalaminisha vyeti, napiga picha za paspoti. Ni chumba kimoja chenye meza mbili, na mashine ya kopi niliyoinunua mtumba Buguruni kwa mtu aliyeniapia kwamba ni kama mpya.

Haikuwa kama mpya. Dramu yake, lile bomba la ndani linalopaka wino, ina mkwaruzo. Kila kopi inatoka na mstari mweusi, unene wa penseli, upande wa kulia, toka juu mpaka chini. Ukiijulia unaisogeza karatasi kushoto kidogo, mstari unaangukia nje, ya pili inatoka safi.

Baba alinisema kuhusu ile dramu toka wiki ya kwanza.

"Adelina, badilisha hicho kidude."

"Mwezi ujao baba."

"Usipoziba ufa, mwanangu."

"Utajenga ukuta, najua baba. Mwezi ujao."

Baba alistaafu mwezi wa sita mwaka jana, baada ya miaka thelathini na moja ya kutunza stoo za serikali. Akahamia kwangu, kwa sababu nyumba isiyo na mama ilimshinda. Stoo haikumtoka. Nikichukua kiberiti chake ananiuliza kinarudi saa ngapi. Ana daftari lenye mistari, na vitu vya nyumbani kwangu, mwanamke mzima wa miaka thelathini na sita, vinatoka kwa saini.

Alikuwa anasubiri mafao yake. Si ya gari wala ya bajaji. Alitaka amjengee mama kaburi.

Mama yuko kijijini, Mbinga. Aliwekewa tuta la udongo na msalaba wa mbao, na mchwa walishaanza kuula. Siku ya arobaini baba aliahidi mbele ya wakwe zake kwamba ikifika misa ya mwaka wa tatu, mwezi wa kumi mwaka huu, Editha atakuwa amelala kwenye saruji na marumaru. Kwetu ahadi ya namna hiyo haisahauliki. Wajomba zangu wanaweza kusahau deni la ng'ombe, ila hiyo hawaisahau.

Baba alishachora hilo kaburi. Vipimo vyote, kwa rula, kwenye karatasi ya miraba. Alikuwa anaitembeza mfukoni.

Mafao yakachelewa. Mwezi wa pili mwaka huu tukaambiwa tujaze fomu upya, tutoe na kopi. Nikatoa kopi mimi mwenyewe dukani kwangu, tukapeleka. Ofisini dirishani wakatuambia, "Mzee nenda kapumzike, tutakupigia."

Tutakupigia!

Hilo neno ndilo lililotuponza. Mtu aliyeambiwa atapigiwa hawezi kuzima simu. Hawezi kupuuza namba ngeni. Hata akienda kuoga anaiacha simu juu ya ndoo, mlango wazi nusu.

Na wao wakapiga kweli. Ila si wale tuliokuwa tunawasubiri.

Baada ya yule wa kwanza walikuja wengine. Jumatatu mpaka Ijumaa, saa tatu asubuhi mpaka saa kumi, mapumziko ya mchana wanapumzika. Watapeli wana ratiba kuliko wafanyakazi wa kweli.

Mmoja alikuwa wa "kitengo cha malipo". Mwingine wa "kitengo cha kompyuta". Kulikuwa na dada mmoja, sauti kama asali, wa "kampuni ya kuzalisha mafao ya wastaafu", eti baba akiwapa mafao yake yote watayarudisha mara mbili kabla ya Krismasi. Na kulikuwa na huyu bingwa wao, aliyejiita Afisa Wilfred.

Wote waliamkia vizuri. Wote walijua cheki namba. Wote walimwita Valeria.

"Valerian!" baba alikuwa anafoka. "Kuna N mwishoni! N ya Nachingwea!"

"Samahani sana mzee Valeria."

Mnaona? Hasira niliyokuwa naipata hapo ilikuwa inanipandisha joto masikioni.

Siku moja akaja dukani Mama Felicitas, jirani yetu, nesi mstaafu. Alikuja kulaminisha kadi ya bima.

"Adelina mwanangu, na mie wananipigia hao. Wananiita Felicita. Nikawauliza, hiyo S yangu mmemwachia nani?"

Tukacheka, tukagongeana mikono. Jibu lilikuwa limewekwa mezani mbele yetu, na sisi tunacheka. Mama Felicitas alikuwa na akili zake, akanunua laini mpya, ya zamani akaitupa. Yeye hakuwa anasubiri simu ya mtu.

Mimi nilikuwa na uhakika wangu. Kuna mtu wa ndani. Kuna mtu ofisini anafungua majalada ya wastaafu na kuyauza. Wangejuaje jina la marehemu? Wangejuaje kituo cha kwanza? Nililisema hilo kwa kila mteja aliyeingia dukani, aliyetaka kusikia na asiyetaka.

"Wametuuza, dada yangu. Watu wana roho mbaya. Wanauza wazee kama nyanya."

Hata Mama Najat nilimweleza. Huyu ana meza ya bagia ng'ambo ya barabara, mkabala na duka langu. Ni mwanamke mmoja mkarimu, kila Jumamosi ananiletea bagia kumi na chatini ya nazi, hataki hela, kwa sababu na mimi namsaidiaga vitu vidogo vidogo.

"Mungu atawalipa, shoga," alisema huku akiwafungia wateja wake bagia. "Wenye tabia hiyo huwa hawafiki mbali."

Mwezi wa sita nikaamua liwalo na liwe, nikaenda Buguruni kutafuta dramu. Niliposikia bei nikanunua wino tu, nikarudi.

Baba alikuwa amekaa kaunta. Amevaa shati lake la kwenda kanisani, na ilikuwa Jumanne.

Alikuwa anatabasamu. Miezi sikuwa nimeyaona yale meno.

"Kaa chini mwanangu. Jina limenyooshwa."

"Jina gani baba?"

Akanieleza. Wilfred alipiga. Baba akamfokea kama kawaida, N ya Nachingwea. Na Wilfred, badala ya kuomba samahani, akapiga kelele za furaha.

"Mzee wangu, hapo hapo! Hilo ndilo tatizo lenyewe! Kwenye mfumo umesomeka Valeria, mwanamke. Mfumo unamtafuta mwanaume, unakuta mwanamke, unagoma. Ndiyo maana unasota mwaka mzima. Kumbe jina!"

Jamani, hebu nisaidieni. Ni nani asingeamini? Mzee amewasahihisha mara hamsini, na katika kuwasahihisha akawapa ufunguo wa nyumba. Amesubiri mwaka mzima bila kuelezwa sababu. Sasa amekuja mtu na sababu inayoeleweka, tena yenye heshima.

Ada ya kurekebisha jina ilikuwa laki mbili na themanini. "Inarudi pamoja na mafao, mzee."

Zilikuwa hela za kuanzia kwa fundi wa kaburi. Baba alizikusanya kidogo kidogo kwenye bahasha, kila mwezi ameandika tarehe. Alizitoa kwenye bahasha, akatembea mpaka kwa wakala, akatuma.

Nikampigia Wilfred. Simu imezimwa.

Nikapiga tena. Imezimwa.

Baba aliniangalia nikipiga mara ya tatu. Akatoa ile karatasi yake ya miraba mfukoni, akaiangalia, akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya daftari la stoo. Kisha akaenda kubadilisha shati.

Mimi nililia chooni nyuma ya duka. Nililia kwa hasira, si kwa huruma. Nilitaka kumshika mtu.

Tulienda kituoni tukapewa namba ya kesi. Askari alikuwa mstaarabu, ila laini yenyewe ilisajiliwa kwa jina la bibi mmoja wa Kigoma ambaye hata simu hana.

Kuanzia siku hiyo nikamnyang'anya baba simu.

"Napokea mie. Wakikutaka wewe, wapite kwangu kwanza."

Na nilipokea kweli. Kila namba ngeni iliyoita iliondoka na chake. Nilimtukana Wilfred wa pili. Nilimtukana yule dada wa asali mpaka akakata mwenyewe. Nilimtukana na mtu mmoja aliyekosea namba, alikuwa anamtafuta fundi bomba. Nasema ukweli, nilianza kufurahia. Wateja walikuwa wanakaa kwenye benchi wanasubiri simu iite.

Mwezi wa saba, siku yenye wateja wengi, simu ikaita.

"Haloo. Valerian Ndunguru?"

Sauti ya mwanamke, imechoka. Hakuna shikamoo. Nyuma yake kelele za watu.

"Wewe nani?"

"Naongea na mstaafu mwenyewe?"

"Unaongea na mkwe wako. Sema."

"Dada, namhitaji mwenyewe. Kuna saini yake ukurasa wa tatu, inatakiwa aje..."

"Saini? Leo mmehamia kwenye saini? Kasaini kifungo chako Segerea, mwizi mkubwa wee!"

"Dada, mwisho ni tarehe kumi na..."

"Mwisho wako wewe! Mmekula hela za kaburi, laana itawakuta hapo hapo mlipo!"

Nikakata. Nikaifungia namba. Benchi zima likapiga makofi, mzee mmoja akasema, "Huyo kapatikana!"

Baba akatoka chumba cha nyuma, miwani mkononi.

"Nani huyo?"

"Wale wale baba."

"Wameniitaje?"

"Valeria, kama kawaida yao," nikamjibu, hata sikuinua kichwa. Nilikuwa nahesabu kopi za mtu.

Akarudi ndani.

Zikapita wiki tatu. Simu zikapungua mpaka zikaisha. Nikajiona mshindi. Nikawaambia watu, tapeli dawa yake ni mdomo.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, Mama Najat akaniletea bagia zangu kumi kama kawaida. Baba alikula nne, mimi nikala tano. Nikachukua ya mwisho, na chini yake nikaona mwandiko.

Mwandiko wa baba naujua hata ungeandikwa ukutani gizani. Herufi kubwa, za mraba, pana kama makasha ya stoo, zinatembea mpaka mwisho wa mstari bila kubakiza nafasi.

Nikaisogeza ile bagia.

JINA KAMILI (UKOO KWANZA): NDUNGURU STANLEY VALERIA.

Na baada ya A, mstari mweusi. Unene wa penseli. Upande wa kulia.

N ilikuwa imemezwa na mstari.

Nilisoma mara tatu. Chini ya jina kulikuwa na cheki namba. Kituo cha kwanza, kituo cha mwisho. Namba ya simu. Jina la mwenza: EDITHA (MAREHEMU). Mafuta yalikuwa yameilainisha karatasi, naona vidole vyangu upande wa pili.

Sasa niwaambie vile vitu vidogo vidogo ninavyomsaidiaga Mama Najat.

Kopi mbovu. Kila kopi inayotoka na mstari naitupa kwenye boksi chini ya meza. Boksi likijaa, Mama Najat analichukua, anafungia bagia. Ndiyo maana ya zile kumi za Jumamosi. Mwezi wa pili, wakati wa fomu za baba, niliharibu kopi nne za ukurasa wa kwanza. Zote zilivuka barabara.

Nikavuka na mimi. Viatu nilivisahau.

Pale mezani, chini ya jiwe, kulikuwa na bunda la karatasi. Nikaanza kuzipekua. Fomu ya Mama Felicitas, S yake imemezwa. Fomu ya Mzee Alfonsi wa mtaa wa pili. Hati za mshahara za walimu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto nisiyemjua. Zote zina mstari mmoja, upande mmoja, kama mhuri wa duka langu.

"Vipi shoga, mbona unanichafulia?" Mama Najat alishangaa.

"Mama Najat, hizi karatasi wateja wanazisomaga?"

"Nani asome karatasi ya bagia? Labda yule jamaa."

"Jamaa gani?"

"Alikuwepo mteja wangu mmoja, mtu mzima, shati kachomekea vizuri. Ananunua bagia mbili, anaomba karatasi tatu. Halafu anachagua, hii hapana, hii sawa. Mie nikajua mtu msafi tu, anaogopa wino."

"Yuko wapi?"

"Mwezi huu sijamtia machoni."

Nikabaki nimesimama na karatasi mkononi. Nilikuwa namtafuta mwizi wa ndani ya ofisi, kumbe mwizi alikuwa anatoa oda ng'ambo ya barabara, na mtu wa ndani nilikuwa mimi.

Halafu likanijia la pili.

Katika wote waliowahi kupiga, yupo mmoja aliyetamka N.

"Haloo. Valerian Ndunguru?"

Yule wa saini. Yule asiye na shikamoo. Baba aliniuliza kabisa, wameniitaje, na mimi nikamdanganya kwa sababu nilikuwa na haraka.

Jiko la Mama Najat lilikuwa pale pale, mafuta yanachemka, mkaa mwekundu. Niseme tu ukweli, niliuangalia ule mkaa. Karatasi ile ingeungua kwa sekunde, na baba angebaki kuamini maisha yake yote kwamba aliuzwa na serikali.

Nikarudi nayo dukani, nikaiweka kaunta mbele yake.

Akavaa miwani. Akaisoma kama anavyosoma hati ya kupokelea mzigo, mstari kwa mstari, kidole chini yake. Kidole kikafika kwenye A, kikasimama. Akainua macho kwenye mashine ya kopi, kisha kwangu.

Nikamweleza yote. Boksi, bagia, mteja msafi. Nikamweleza na yule dada niliyemtukana, na jina alilolitamka.

"Miaka thelathini na moja," akasema polepole, "stooni kwangu haikutoka hata pini bila saini."

"Najua baba."

"Wewe umetutoa mimi na mama yako kwa bagia ngapi?"

"Kumi. Kila Jumamosi."

"Hizi ninazokula na mimi?"

"Ndiyo baba."

Akaangalia mafuta kwenye vidole vyake.

"Basi mafao yangu nimeshayala."

Hakunifokea. Ningependa anifokee.

Jumatatu asubuhi tulikuwa ofisini kabla walinzi hawajafungua geti. Dirisha namba nne alikuwepo dada mmoja mwembamba, kibandiko kifuani kimeandikwa Herieth. Nikamsalimia, nikataja jina la baba.

Akaacha kuandika.

"Hebu ongea tena."

"Nimesema, Valerian Ndunguru, tunafuatilia..."

"Ni wewe!" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu hapa! Ndiye aliyenipa kifungo Segerea!"

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Nikamwomba msamaha mara ngapi sijui, na baba akaomba wa kwake, akasema, "Mwanangu ana mdomo, ila alinitetea."

Dada Herieth akaenda kuleta jalada. Si mtu wa maneno matamu, nadhani ana wazee mia mbili wa kuwapigia na vocha ya kuhesabu. Akafungua ukurasa wa tatu wa kopi tuliyopeleka, ile inayokwenda kwa wahasibu, akaugeuzia kwetu.

Pale chini, pembe ya kulia, panapotakiwa saini ya mstaafu, kulikuwa na mstari mweusi.

Nikaukumbuka ukurasa huo. Mwezi wa pili, kopi nne zimeshaharibika, wateja wananisubiri. Niliuangalia nikasema, haina shida, mstari wenyewe uko pembeni.

"Saini haionekani," Herieth alisema. "Nilipiga aje asaini upya. Dakika mbili tu. Hakuja, tarehe ikapita, jalada limerudi nyuma ya foleni."

"Nyuma mpaka lini, mwanangu?" baba akauliza.

"Malipo ya mwezi wa kumi na moja, mzee."

Misa ilikuwa mwezi wa kumi.

Baba akaomba kalamu. Akasaini upya, mbali kabisa na pembe, karibu katikati ya ukurasa. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Mwezi wa kumi tulienda Mbinga na mikono mitupu. Padri akasoma misa kwenye lile tuta la udongo. Msalaba ulikuwa umeegemea upande mmoja, mjomba Gaudens akaunyoosha na ukarudi kulala. Wajomba waliliangalia lile tuta kwa adabu ya watu wanaokumbuka ahadi.

Baba akasimama mbele yao. Nikajua sasa ananitaja. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimeshainamisha kichwa.

"Wakwe zangu," akasema, "nimechelewa. Jalada langu lilikuwa na kasoro, na kasoro ilitoka nyumbani kwangu. Nawaomba miezi miwili."

Akakaa. Hakusema ilitoka mkononi mwa nani.

Wakamjibu kwa vichwa tu. Chakula kilipokuja, baba alinawishwa wa mwisho, yeye mwenye marehemu, aliyestahili kuwa wa kwanza. Aliona. Nami niliona, na aibu iliyokuwa inamwagikia mikono yake pamoja na yale maji ilikuwa yangu mimi.

Mwezi wa kumi na moja, tarehe sita, simu ikaita. Safari hii baba alipokea mwenyewe.

"Valerian Ndunguru?"

"Ndiye."

"Kaangalie akaunti." Ikakatwa. Hakuna shikamoo, hakuna kwaheri. Baba alisema ni sauti tamu kuliko zote alizowahi kuzisikia.

Kabla ya Krismasi fundi alihitaji maneno ya kuchonga kwenye marumaru. Nikayachapa mwenyewe dukani. Nilikuwa nimeshabadilisha dramu. Karatasi ikatoka nyeupe, safi, haina mstari popote.

Baba aliichukua akaenda nayo dirishani penye mwanga. Akachomoa kalamu, akawa anagusa herufi moja moja kwenye jina la mama.

"E. D. I. T. H." Kalamu ikafika ya mwisho. "A. Ipo."

Nikanyoosha mkono niiweke kwenye bahasha. Akanizuia. Akafungua daftari lake la stoo, akachora mstari, akaandika tarehe, akaandika: Jina la mama, moja.

Akanigeuzia daftari.

"Saini hapo kwamba umelitoa."

Nikasaini. Herufi zilikuwa zinaogelea, ila nilisaini zote, mpaka ya mwisho.

Ndugu zangu, mwizi hajakamatwa, na sitawadanganya kwamba atakamatwa. Mashati ya kuchomekea ni mengi hapa mjini. Boksi langu la kopi mbovu sasa linachomwa kila Ijumaa, baba amesimama pembeni na daftari, anahesabu. Bagia nanunua kwa hela yangu, na Mama Najat anafungia magazeti ya zamani.

Ukiharibu karatasi ya mtu, jina lake halijaharibika, bado lipo juu yake. Ukipigiwa na anayekuamkia vizuri kupita mwanao wa kumzaa, usimtumie hata shilingi. Ukipigiwa na asiyekuamkia kabisa, usimtukane haraka. Wote wawili waambie nakuja, halafu funga safari, ukasimame dirishani kwa miguu yako.

Na kama una mashine yenye mstari, tafadhali, usiseme mwezi ujao.